Klabu ya jogging, saa ya mkononi, kulipia mbio au kukimbia peke yako: kipi kinadumu?

PumziMoja
Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe kwa uzoefu, nadharia nimeshasoma za kutosha.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida kabisa. Simfukuzii Simbu wa marathoni. Nataka kilomita tano mara tatu kwa wiki, pumzi ikae sawa na kitambi kisirudi, basi. Nakaa Kinondoni, kazi iko Posta, na asubuhi saa kumi na mbili na nusu lazima niwe nimetoka nyumbani. Kuanza hakunisumbui. Kila Januari naanza, kila baada ya Pasaka naanza. Kinachonishinda ni ile wiki ya tano au ya sita: alamu inalia, mwili unakataa, na sababu ya maana hakuna.

Njia ninazoziona kwa watu ni nne. Klabu ya jogging ya mtaani. Saa ya mkononi na programu ya kurekodi mbio kama Strava. Kujisajili kwenye mbio na kulipa mapema ili hela iniume. Na kukimbia kimya kimya peke yangu bila kupima chochote. Ipi imekuweka barabarani zaidi ya mwaka? Gym msinitajie. Ile mashine ya kukimbilia inanichosha akili kabla ya miguu.

MzeeWaTemeke
Klabu. Wala usihangaike kulinganisha.

Sisi huku Jumamosi na Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwanja umeshajaa. Kiongozi anaanzisha wimbo, tunaitikia, miguu inafuata yenyewe. Mbele na nyuma wapo vijana wenye bendera nyekundu wa kusimamisha magari. Mwendo ni wa yule wa mwisho, hakuna anayeachwa. Wamo akina mama wa miaka sitini na vijana wa bodaboda. Tukirudi tunafanya viungo, halafu supu na chapati.

Hiyo wiki yako ya sita kwetu haipo, kwa sababu usipoonekana Jumapili mbili watu wanakuja mpaka mlangoni kuuliza unaumwa nini. Hiyo Strava itakuja kwako na machungwa?

RabaZaKarume
Mzee umeeleza vizuri, ila umeruka sehemu ya michango.

Nimekimbia na klabu, najua ninachosema. Kuna ada ya mwezi, kuna sare, na sare inabadilika kila wakija wafadhili wapya. Kuna mchango wa harusi ya mwanachama, msiba wa mwanachama, na basi la kwenda bonanza la klabu rafiki upande wa pili wa jiji. Bonanza lenyewe mnakimbia kilomita sita, halafu mnakaa juani kumsubiri mgeni rasmi, na akifika anaeleza faida za mazoezi kwa watu waliokwisha kufanya mazoezi.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo mleta mada asiliache. Klabu nyingi zinakimbia mwisho wa wiki tu. Yeye anataka mara tatu. Hiyo Jumanne na Alhamisi nani atamwimbia?

MzeeWaTemeke
Raba, msiba wako ukifika utajua ile michango ilikuwa ya nini. Ila la Jumanne sikupingi.

MamaWawili_Tabata
Niongeze kitu ambacho nyinyi akina kaka hamkioni. Kukimbia peke yako siyo chaguo kwa kila mtu. Saa kumi na moja alfajiri mtaa wetu hauna taa, mbwa wamefunguliwa, na bodaboda anakuja bila taa ya mbele. Kukishapambazuka kuna vijiwe, na kila kijiwe kina mtoa maoni wake. Mwanamke anayekimbia peke yake analipa ada ambayo haiandikwi popote.

Kwa hiyo nilijaribu klabu, na Mzee anasema kweli, usalama upo. Lakini nina watoto wa kuandaa kwenda shule na Jumapili nina kanisa. Kilichonishika mimi ni jirani yangu. Mtu mmoja tu. Siku tatu tunazozijua, yeye akitoka anagonga geti langu mara moja, nikitangulia mimi nagonga lake. Sina habari ya motisha. Nina aibu ya kumwacha mwenzangu amesimama gizani. Klabu ya watu mia haikunipa aibu hiyo, kwa sababu kwenye watu mia asipokuwepo mmoja mbio zinaendelea.

Halafu mnaotumia Strava, hasa dada zangu: nendeni kwenye mipangilio mfiche pale mnapoanzia na kumalizia. Mwaka 2018 ramani yao ya watumiaji ilionyesha hadi njia za askari ndani ya kambi za jeshi, sembuse geti lako la Tabata.

PumziMoja
Dada, hapo kwenye aibu umenigusa. Ila majirani zangu mimi nikiwaambia saa kumi na moja watanipeleka kwa mjumbe.

NgongView
Salamu kutoka Nairobi. Huku kukimbia polepole ni kesi yake. Nchi ya Kipchoge, mtu aliyemaliza kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, halafu wewe umevuta pumzi mara kumi hata mtaa wa Kilimani hujaumaliza. Ukipitwa na kijana wa mazoezi ya kweli unajifanya unafunga kamba ya kiatu.

Mimi ni mtu wa kulipia mbio. Nairobi Marathon huwa Oktoba, najisajili mapema kabisa. Siku nikiona uvivu nakumbuka ile pesa, nakumbuka pia nimeshaambia ofisi nzima. Hiyo inafanya kazi, sitadanganya. Mazoezi nafanya Karura: unalipa kiingilio, ndani ni msitu, hakuna matatu, na wasichana wanakimbia wawili wawili bila kusumbuliwa. Dada wa Tabata angepapenda.

Shida inakuja Novemba. Mbio zimeisha, medali imetundikwa ukutani, na ile pesa haiumi tena. Novemba na Desemba mimi sionekani barabarani. Wenzangu wengi wako hivyo hivyo. Kwa hiyo kama swali ni kipi kinakuamsha, mbio zinaamsha sana. Kama swali ni kipi kinadumu, lazima uwe na mbio nyingine tayari kabla hujamaliza hizi, na hiyo ni gharama.

MaweYaMwanza
Kwenye mbio nina maoni makali kidogo.

Watu wengi wanachagua mbio kwa jina. Mkimbiaji wa kilomita tano anasikia Kilimanjaro Marathon, picha ya mlima, marafiki wanakodi Coaster, na yeye anajisajili nusu marathoni. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ya kilomita 21 ya Moshi inapanda kuelekea Mweka. Unapanda kilomita na kilomita, na wakati huo Moshi penyewe umeshakuwa mita zaidi ya 800 juu ya usawa wa bahari na wewe umetoka Magomeni. Kuteremka ni raha, nakubali, lakini mapaja yanakudai wiki nzima. Mtu akitoka pale anasema mbio si za kwangu, kumbe ni ule mlima tu ndio haukuwa wake. Pale pale kuna kilomita tano za kujifurahisha, watu wanaimba, wanapiga picha, na wanarudi nyumbani wakiwa bado wanapenda kukimbia.

Jambo la pili ni kalenda. Mbio za Moshi ni mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi. Maana yake mtu wa Dar anafanya mazoezi Desemba na Januari, joto na unyevu vikiwa kileleni, fulana imelowa kabla ya kilomita ya kwanza. Hapo ari ya nani haitayeyuka? Mbio za Julai na Agosti ni habari nyingine. Mazoezi yake yanaangukia Juni na Julai, upepo wa kusi unavuma, kuna ubaridi asubuhi, na mwili unakimbia bila kubembelezwa. Dodoma kuna mbio Julai. Dar kuna zile za benki ya CRDB Agosti pale The Greens, Oysterbay, zenye umbali wa watu kama sisi, na fedha zake huchangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo. Ukichagua mbio, chagua kwanza miezi ya mazoezi, jina la mbio lije baadaye.

MzanzibariMuscat
Assalaam aleikum. Huyo wa Mwanza amesema kweli kuhusu joto, na mimi niliyeko Oman nina haki ya kuongezea.

Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40 mchana, na usiku upepo wa bahari unakuwa wa moto. Tunakimbia pwani ya Qurum usiku, watu wazima na watoto wao, saa nne, saa tano. Mwezi wa Ramadhani wengine wanatoka muda mfupi kabla ya futari ili wakimaliza wafungue papo hapo. Mimi naona bora baada ya tarawehe.

Mimi ndiye mtetezi wa saa hapa, maana sijaona aliyeitetea. Saa yangu siitumii kujua nimekimbia haraka kiasi gani. Naangalia mapigo ya moyo. Kwenye joto moyo unakwenda mbio hata kama miguu inakwenda kama juzi, na ukilazimisha mwendo wa Disemba ndani ya mwezi wa Juni utaanguka. Saa ikinionyesha mapigo yamepanda, natembea mpaka yashuke. Tangu niifanye hivyo, sirudi nyumbani nikiwa nimechukia mbio.

Lakini ile sehemu ya kuwekeana vidole gumba na kushindana kipande cha barabara na mtu usiyemjua, nimeizima. Ilikuwa inanitoa kwa wiki mbili na kunivunja moyo kwa mwezi.

RabaZaKarume
Kwa hiyo mtetezi wa saa ameanza kwa kuizima nusu. Sawa.

MzanzibariMuscat
Ndiyo kuitumia huko, ndugu yangu.

FiziDodoma
Nimesoma kimya, sasa niseme. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na watu wa "wiki ya tano au ya sita" nawaona sana kliniki. PumziMoja, nikuulize swali moja kabla ya yote: ukikimbia, unaweza kuongea?

PumziMoja
Kuongea? Hapana daktari. Nakimbia mpaka kichomi kinashika ubavu. Kwani mazoezi si ndiyo hayo?

FiziDodoma
Mimi si daktari, lakini jibu lako ndilo nililolitegemea.

Sikiliza. Ukianza kukimbia, moyo na mapafu vinazoea haraka. Ndani ya wiki chache unajisikia umepanda daraja, unaongeza mwendo. Kano na mifupa vinazoea taratibu zaidi, kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inaruhusu kitu ambacho ugoko na kisigino havijakiruhusu, na mara nyingi kipindi hicho ndicho hicho cha wiki ya nne hadi ya sita. Maumivu hayaji kama jeraha. Yanakuja kama uzito. Unaamka, mwili unakataa, wewe unasema huna motisha. Mwili hauna uvivu hapo, umechoka, na unakumbuka kwamba kila ukivaa raba unapata kichomi. Nani aamke saa kumi na moja kwenda kuteswa?

Ndiyo maana mjadala wenu wa klabu na saa na mbio, kwangu mimi, unakuja wa pili. Wa kwanza ni mwendo. Mzee wa Temeke kasema klabu yao inakimbia kwa mwendo wa yule wa mwisho, na huku wanaimba. Mtu anayeimba anaweza kuongea. Mnadhani klabu inadumu kwa sababu ya supu, na supu ina mchango wake, lakini wale watu hawajichoshi! Jirani wa Tabata vilevile, nina hakika wanapiga soga njia nzima.

MamaWawili_Tabata
Soga ndiyo yenyewe. Kukimbia ni kisingizio.

FiziDodoma
Mnaona.

Ukitaka utaratibu wa kufuata, upo mmoja wa Mmarekani Josh Clark wa mwaka 1996, unaitwa Couch to 5K, wiki tisa, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano kupasha misuli, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Watu wanaouona wanacheka, wanasema huu ni wa wagonjwa. Aliyekwama wiki ya tano kila mara asicheke. Huna saa? Tumia nguzo za umeme: nguzo mbili kimbia, tatu tembea, wiki inayofuata geuza. Na uso ukianza kukunjamana, punguza.

MbioKilaSiku
Naona mnamdekeza. Suluhisho ni kukimbia kila siku, hata kidogo, bila kukosa. Hakuna mjadala asubuhi kwa sababu jibu ni ndiyo kila siku. Ron Hill wa Uingereza alikimbia kila siku tangu Desemba 1964 mpaka Januari 2017, angalau maili moja. Miaka 52. Yeye aliuliza motisha iko wapi?

FiziDodoma
Ron Hill, aliyekuja kuwa bingwa wa marathoni ya Boston, alikuwa na miguu iliyokwisha kuzoea kabla hajaanza hesabu hiyo. Kwa mtu wa wiki ya tano, kila siku ni njia fupi ya kuja kuniona. Ila naichukua nusu ya hoja yako: kuondoa mjadala wa asubuhi. Hiyo ni kweli tupu.

BintiMalindi
Kwenye kuondoa mjadala ndipo ninapoingia.

Mimi nakimbia peke yangu, sina saa, sina klabu, na mbio za kulipia sijawahi. Nipo Unguja. Sikuwahi kuamka kwa ajili ya kukimbia hata siku moja. Naamka kuswali alfajiri, kama nilivyoamka tangu utotoni. Nikishaswali ndipo navaa raba, suruali, fulana ndefu ya mikono na hijabu nyepesi, naelekea Mizingani kisha njia ya Maruhubi. Wavuvi wananijua. Wazee wanaotoka msikitini wananijua, na siku hizi wanaitikia salamu bila kushangaa.

Watu wanakosea wanapotaka mbio ziwe na wakati wake mpya kabisa. Wakati mpya lazima upiganiwe kila siku. Zifungeni kwenye jambo ambalo mnalifanya hata msipopenda.

Dada wa Tabata, ninakubali kwamba Mji Mkongwe si Tabata. Hapa kila mtu ni shangazi wa mtu.

NgongView
Hii ya kufunga kwenye jambo lililopo ni kali. Mimi kazini natoka saa kumi na moja jioni na nakaa kwenye jam mpaka usiku. Hilo ndilo jambo ninalofanya hata nisipopenda.

RabaZaKarume
Subirini. PumziMoja, ofisi Posta, nyumbani Kinondoni, sivyo? Na foleni ya jioni ya Ali Hassan Mwinyi unaijua?

Ndugu, wewe una njia nzuri kuliko wote humu na unaipita ukiwa umesimama kwenye daladala. Toka ofisini, shika Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari, panda Daraja la Tanzanite, lina zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji na upepo wa bure, ushukie upande wa Coco Beach. Hapo kilomita zako zimetimia au zimebaki chache. Kuanzia hapo daladala au bajaji mpaka Kinondoni. Watu wako wengi, taa zipo, hakuna wa kukushangaa, nusu ya wanaopita darajani saa hizo wamevaa raba. Na alfajiri ulale.

PumziMoja
Duh. Na jasho? Suruali ya ofisini, viatu, kompyuta?

RabaZaKarume
Kompyuta inalala ofisini siku hizo mbili. Suruali na viatu vya ofisini acha droo ya chini, kesho unavaa asubuhi. Bukta na fulana unaingia nazo kwenye mkoba mdogo wa mgongoni wenye kamba ya kifuani, usiwe ule unaorukaruka. Jasho la kwenye bajaji halimuudhi mtu, kuna hewa. Daladala iliyojaa, hapo uwahurumie wenzio, kaa Coco dakika kumi kwanza unywe dafu.

Na raba: ukinunua mitumba pale Karume, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu, hata kama juu inang'aa, iache. Ile sponji imekufa, na ugoko wako ndio utakaolipa.

MaweYaMwanza
Kipindi cha masika itabidi awe na siku ya akiba. Machi mpaka Mei mvua ya jioni haina adabu.

MzanzibariMuscat
Na jioni ya Januari, maji kabla ya kutoka ofisini. Si baada.

PumziMoja
Wakuu nimewasoma wote. Nitakavyofanya ni hivi. Jumanne na Alhamisi natoka na mbio ofisini, njia ya Raba, kwa mwendo wa kuongea. Kwa kuwa sina wa kuongea naye nitaongea kwenye simu na mama, hajapigiwa siku nyingi. Jumamosi naenda na klabu ya Kinondoni kuangalia, sitoi ada mpaka nione. Saa ya mkononi siinunui sasa. Mbio za kulipia nitaangalia za Agosti, kilomita tano, na nikizimaliza ndipo nitafikiria kumi. MbioKilaSiku, samahani.

Swali kwa FiziDodoma: nguzo mbili nikimbie tatu nitembee, na pale darajani nitahesabu nini?

FiziDodoma
Darajani hesabu nguzo za taa, zipo njia nzima. Jumanne ya kwanza daraja lote litembee, ukimbie kabla yake na baada yake tu. Pale juu upepo ukiwa wa mbele utakupunguzia mwendo, ukiwa wa nyuma utakudanganya uongeze. Na simu ya mama ipigwe ukiwa kandokando ya bahari, juu ya daraja hatasikia kitu.